Mabaka ya Kuwasha Mwilini: Chanzo Chake, na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Maelezo haya yalitolewa kwa wananchi katika baraza la afya, na yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Mada ya leo inahusu jambo ambalo karibu kila nyumba imewahi kuliona. Mtu amekula, ameoga, ameketi barazani na wenzake, na ghafla ngozi inaanza kuwasha. Akitazama mkono anaona umeinuka mabaka kama ya mtu aliyepita kwenye upupu. Baada ya muda mfupi mabaka yako tumboni, mgongoni na mapajani. Hapo kila mtu hutoa neno lake. Huyu husema ni damu chafu, yule husema ni kijicho, mwingine husema ni mboga za juzi. Wakati maneno yakiendelea, mgonjwa ameshatuma mtoto dukani akanunue tembe asizozijua jina.

Mara nyingi mabaka hayo huisha yenyewe wala hayana hatari. Mara chache huwa ni mwanzo wa hali inayoweza kumuua mtu katika dakika chache. Tofauti ya hali hizo mbili inajulikana, na mtu ambaye hakusomea udaktari anaweza kuijua. Hiyo ndiyo shabaha ya maelezo haya: kujua mabaka yanatokana na nini, kujua ni wakati gani haifai kungoja, na kujua jambo moja la kuandika ili madhara yasirudi tena.

Jinsi ya kuyatambua

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni hali ya mwili kukipiga vita kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara. Ukijitokeza kwenye ngozi, sura yake ya kawaida ni mabaka yaliyoinuka na yenye kuwasha sana. Kwa mtu mweupe mabaka huwa mekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni uvimbe wenyewe, ukiwa na rangi ile ile ya ngozi au iliyokoza kidogo. Kwa hiyo mzazi asitafute wekundu. Apitishe kiganja juu ya ngozi ya mtoto, ataihisi miinuko.

Alama kubwa ya mabaka haya ni kuhama. Yanazuka hapa, yanapotea, yanazuka pale. Baka moja kwa kawaida halikai mahali pamoja zaidi ya saa 24. Anayetaka kuhakikisha achore mstari wa kalamu kuzunguka baka moja, kisha alitazame kesho yake saa kama ile. Likiwa limetoweka bila kuacha alama, hayo ni mabaka ya mzio au ya jamii yake. Likiwa bado lipo pale pale, au limeuma kuliko kuwasha, au limeacha doa kama la kuvilia damu, huenda ni ugonjwa mwingine na linafaa kuonwa na daktari.

Hapo ndipo mabaka haya yanapotofautiana na maradhi mengine ya ngozi. Harara ni vipele vidogo vidogo vya joto vinavyotokea shingoni, mgongoni na mahali penye jasho. Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, hufanya duara linalopanuka polepole kwa majuma. Upele wa kuambukiza husababishwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na hushika watu wengi wa nyumba moja. Mabaka ya mzio hayaambukizi. Mtoto mwenye mabaka haya hana sababu ya kurudishwa nyumbani kutoka shuleni wala kutengewa kitanda, isipokuwa kama ana homa au ugonjwa mwingine.

Kinachotendeka chini ya ngozi

Chini ya ngozi kuna chembe za ulinzi wa mwili zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Chembe hizo zikichokozwa, humwaga histamini yake. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja majimaji, ndipo ngozi inapoinuka. Mishipa ya fahamu nayo husisimka, ndipo mwasho unapoanza. Ndiyo sababu dawa zinazotolewa kwa hali hii huitwa dawa za kuzuia histamini.

Watu wengi hukataa kuamini kwamba wana mzio wa kitu fulani kwa sababu wamekitumia miaka mingi. Mtu husema, "Kamba nimewala tangu utotoni, vipi leo wanidhuru?" Hoja hiyo haitoshi. Mwili unaweza kukutana na kitu mara ya kwanza, ya pili au ya ishirini bila kuonyesha dalili, huku ndani kwa ndani ukitengeneza kingamwili dhidi yake. Siku kingamwili hizo zinapotosha, dalili hutokea.

Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1902 na wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Waliwadunga mbwa kiasi kidogo cha sumu ya kiumbe wa baharini wakitumaini kuwajengea kinga. Walipowadunga tena baada ya majuma kadhaa, kwa kiasi kidogo ambacho hakikutarajiwa kuwadhuru, baadhi ya mbwa walianza kuhema na wakafa kwa muda mfupi. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913 kwa kazi hiyo. Somo lake kwa mwananchi ni hili: mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza, hata kama kitu chenyewe ni kidogo. Mtu aliyetoka mabaka kwa dawa fulani mwaka jana asijaribu tembe moja mwaka huu aone kama bado itamdhuru.

Swali la kwanza: ni nini kilichoingia mwilini?

Mabaka yakitokea ghafla, mgonjwa au mzazi akae ajiulize: katika muda wa saa mbili zilizopita ni nini kilichoingia mwilini? Kiliwe, kinywewe, kidungwe kwa sindano au kiingizwe na mwiba wa mdudu, mara nyingi chanzo kimo ndani ya muda huo.

Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi zaidi ni mayai, maziwa ya ng'ombe, njugu karanga, korosho na jamii zake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na simsim. Mzio wa kweli wa chakula huja haraka, kwa kawaida kuanzia dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, na hurudi kila mara chakula hicho kinapoliwa. Mtu aliyekula mayai jana, juzi na mtondo bila tatizo, kisha akatoka mabaka leo pasipo kula yai, asiyalaumu mayai. Hili ni muhimu hasa kwa watoto. Mtoto akikatazwa mayai, maziwa na samaki kwa shaka tu, mzazi anaweza kumletea utapiamlo kwa kukimbia mzio ambao hana.

Kwa wakazi wa pwani kuna jambo jingine kuhusu samaki. Jodari, vibua na jamii zao, wasipowekwa kwenye barafu mapema baada ya kuvuliwa, huanza kufanyiwa kazi na bakteria. Bakteria hao hutengeneza histamini ndani ya nyama ya samaki, ile ile ambayo mwili humwaga wakati wa mzio. Anayemla hupata joto usoni, mwasho, mabaka, kichwa kuuma na mapigo ya moyo kwenda mbio, pengine pamoja na kuhara. Kumchemsha au kumkaanga hakuondoi histamini hiyo, na samaki anaweza kukosa harufu mbaya kabisa. Hali hii si mzio. Ni sumu ya samaki aliyekaa juani. Dalili yake ni kwamba watu wawili au watatu waliokula sahani moja huwashwa pamoja. Tiba yake inafanana na ya mzio, lakini mgonjwa hana haja ya kuacha samaki maisha yake yote. Kinachotakiwa ni barafu, tangu mashuani hadi sokoni na nyumbani.

Dawa ni chanzo kingine kikubwa. Zinazoongoza ni za jamii ya penisilini, ikiwemo amoksilini ambayo iko karibu katika kila nyumba, na dawa za salfa. Dawa za kutuliza maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo huleta mabaka kwa baadhi ya watu, na mtu anayepata mabaka kwa mojawapo ya hizo tatu anaweza kuyapata kwa zile nyingine pia. Ndiyo sababu kubadilisha jina la tembe za maumivu bila kumuuliza mhudumu si usalama.

Wadudu nao wamo. Mwiba wa nyuki huingiza sumu, na kwa mwenye mzio hata nyuki mmoja anatosha kuleta hatari. Mwiba ukibaki ngozini uondolewe mara moja kwa kucha au kwa kitu chochote kilicho karibu, kwa kuwa unaendelea kutia sumu. Kwa watoto wadogo, kunguni, viroboto na mbu huleta vipele vigumu vya kuwasha, hasa miguuni na mikononi, ambavyo hukaa kwa siku nyingi na kurudi tena na tena. Wazazi hushangaa kwamba mtoto mmoja ana vipele ilhali ndugu zake wanaolala kitanda kimoja hawana. Wote wanaumwa na wadudu hao. Mwili wa mmoja tu ndio unaopigana. Dawa ya kupaka haitamaliza jambo hilo pasipo kuanika magodoro, kufua matandiko kwa maji moto, kuwaondoa kunguni na kulala ndani ya neti.

Kisha kuna maradhi. Kwa watoto, chanzo cha kawaida kabisa cha mabaka ya ghafla ni virusi, kama vile mafua na maambukizi ya koo. Mtoto huwa na mafua, hupewa amoksilini, kisha siku ya pili hutoka mabaka. Huenda ni dawa, na huenda ni mafua yenyewe. Mzazi asiamue peke yake. Asimamishe dawa hiyo, amrudishe mtoto kituoni siku hiyo hiyo, na mhudumu aamue na kuandika. Minyoo ya tumboni na kichocho pia vinaweza kuleta mabaka, na mtu aliyeoga katika bwawa lenye konokono wa kichocho anaweza kuanza kuwashwa muda mfupi baada ya kutoka majini. Kipimo cha choo na cha mkojo hutoa jibu.

Swali la pili: ni nini kilichogusa ngozi?

Kuna mzio wa aina nyingine ambao hauji kwa dakika bali kwa siku. Hutokea pale pale kitu kilipogusa, na sura yake si mabaka yanayohama. Ngozi huwa na vipele vya maji, hupasuka, hutoa majimaji na baadaye huwa kavu na nyeusi. Kwa kuwa huanza siku moja hadi tatu baada ya mguso, na pengine zaidi, watu husahau chanzo chake. Hapa swali lirudi nyuma hadi juma zima.

Mfano unaojulikana sana pwani ni piko. Hina ya asili, ile inayotokana na majani ya mhina, hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, nayo huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Piko jeusi linalokolea upesi mara nyingi huchanganywa na unga wa kutia nywele rangi wenye kemikali iitwayo PPD. Kemikali hiyo inapopakwa moja kwa moja kwenye ngozi, baadhi ya watu hufura na kutoka malengelenge yaliyofuata maua yale yale waliyochorwa, na kovu linaweza kubaki. Baya zaidi ni kwamba mzio huo ukishaingia haundoki. Miaka mingi baadaye mtu huyo akitia nywele rangi, uso na macho vinaweza kuvimba hadi ashindwe kuona. Bibi harusi na watoto wa sikukuu wanaweza kupambwa kwa hina ya asili bila kupoteza uzuri wowote. Anayechora aulizwe wazi amechanganya nini kabla ya kuanza, na mtoto asipakwe piko.

Chuma cha bei nafuu chenye nikeli, kama vile hereni, bangili, mkanda wa saa au kifungo cha suruali, huacha doa la mwasho mahali kilipokaa. Saruji mbichi hudhuru mikono ya mafundi wa ujenzi. Sabuni na mafuta yenye manukato makali, na krimu za kujichubua, huharibu ngozi ya uso.

Katika mashamba ya Kilifi, Kwale na Lamu, wanaobangua korosho wanajua mafuta yaliyo kati ya maganda yake. Mafuta hayo huunguza ngozi na pia huleta mzio wa mguso. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, kwa hivyo mtu aliyewahi kudhurika na ganda la korosho anaweza kuwashwa midomo na mashavu kwa utomvu wa maganda ya embe. Si lazima aache embe. Amwachie mwenziwe kazi ya kulimenya, naye ale nyama yake. Wabanguaji wavae glavu au wapake mikono mafuta ya kupikia kabla ya kazi, na wanaochoma korosho wasikae upande unakoelekea moshi.

Yafaa pia kutaja vitu vinavyodhaniwa kuwa mzio na sivyo. Upupu huwasha kila mtu, kwa kuwa vinyweleo vyake huchoma ngozi na kuacha kemikali ya kuwasha. Anayeguswa asisugue, aondoe vinyweleo kwa gundi ya karatasi au kwa unga uliokandwa, kisha aoshe. Mdudu anayejulikana kama nzi wa Nairobi, ambaye kwa hakika ni jamii ya mbawakawa mwenye rangi nyekundu na nyeusi, huongezeka baada ya mvua na hufuata taa usiku. Haumi wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi ndipo sumu yake huunguza, na jeraha huonekana siku inayofuata. Apeperushwe tu, mahali alipotua paoshwe kwa sabuni na maji, na mkono usipelekwe machoni.

Ikiwa hakuna jibu

Wako watu wanaotoka mabaka karibu kila siku kwa muda unaopita majuma 6. Hao hukatazwa chakula hiki, kisha kile, mpaka wanabaki na ugali na sukuma wiki, na mabaka hayaishi. Ukweli ni kwamba mabaka ya muda mrefu namna hiyo kwa nadra sana hutokana na chakula. Kwa wengi hakuna kitu cha nje kinachopatikana. Ulinzi wa mwili wenyewe ndio unaochokoza zile chembe za histamini. Kwa wengine kichocheo ni baridi, joto na jasho, jua, mkanda unaobana, au kukwaruzwa tu kwa ukucha. Pombe, uchovu na dawa za maumivu huzidisha.

Hali hii husumbua, hukosesha usingizi na huwafanya watu waone haya, lakini haimaanishi kwamba mtu amerogwa wala kwamba damu yake ni chafu. Damu haihitaji kusafishwa kwa tembe wala kwa mitishamba. Mgonjwa aende hospitali, aanzishiwe dawa ya kuzuia histamini ya kila siku, naye aimeze hata siku ambazo hakuna mabaka. Kwa wengi hali hupungua na kuisha baada ya miezi au miaka michache.

Midomo kuvimba kwa mtumiaji wa dawa za presha

Jambo hili linawahusu wazee hasa. Enalaprili, na dawa nyingine za presha za jamii hiyo, zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi au uso bila kutokea mabaka na bila mwasho wowote. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa na hali hii zaidi kuliko wengine. Inaweza kutokea katika juma la kwanza, na inaweza kutokea baada ya miaka ya kumeza dawa hiyo kwa usalama, ndiyo maana mgonjwa na jamaa zake hawaishuku. Uvimbe wa leo unaweza kutulia, kisha wa mwezi ujao ukafunga koo. Tembe za mzio hazisaidii hapa. Mtu anayemeza dawa ya presha akivimba mdomo au ulimi aende hospitali mara moja, na abebe dawa zake zote zionekane. Atabadilishiwa dawa. Asiache presha bila tiba.

Wakati ambao haifai kungoja

Mabaka peke yake, hata yakienea mwili mzima, yanaweza kungoja kituo cha afya kifunguliwe asubuhi. Lakini yakiambatana na lolote kati ya haya, mtu asingoje hata kidogo: kushindwa kupumua, kukoroma au kutoa mlio kifuani, sauti kubadilika au koo kubana, ulimi au midomo kuvimba, kutapika mfululizo au tumbo kukata ghafla baada ya kuumwa na mdudu au kutumia dawa au chakula, kizunguzungu, kulegea au kuzimia. Kwa mtoto mchanga, kulegea ghafla na kutoitika ni dalili tosha.

Hapo mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Ikiwa anapumua kwa shida, aachwe akae. Ikiwa amezimia au anatapika, alazwe ubavu. Asisimamishwe ghafla wala kutembezwa kwa miguu hadi kituoni, kwa kuwa wengine huanguka na kufa wakati huo. Itafutwe gari ambamo anaweza kulala, au ipigwe simu nambari 999 au 112. Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, inayotolewa na mhudumu wa afya. Tembe za mzio huchelewa sana kwa hali kama hii, na maziwa, asali au mafuta ya taa hayasaidii. Hata akipata nafuu, mgonjwa akubali kubaki kituoni aangaliwe, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kuna hatari nyingine inayokuja polepole. Mtu aliyeanza dawa mpya katika majuma machache yaliyopita, kisha akapata homa, vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi inayouma, kutoka malengelenge au kubambuka, yumo hatarini kupoteza ngozi na hata maisha. Dawa zinazohusishwa zaidi na hali hiyo ni za salfa, nevirapini, dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na alopurinoli ya ugonjwa wa jongo. Asimeze tembe nyingine ya dawa hiyo mpya. Aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa nayo mkononi.

Msaada wa nyumbani

Kwa mabaka yasiyo na dalili za hatari, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi hupunguza mwasho, isipokuwa kwa mtu ambaye baridi ndiyo humletea mabaka. Losheni ya kalamini hutuliza ngozi. Nguo ziwe nyepesi za pamba, na kucha za mtoto zikatwe. Setirizini mara moja kwa siku huwasaidia wengi bila kuwalaza usingizi sana. Piriton nayo husaidia, lakini huleta usingizi. Mwendesha bodaboda, dereva na fundi wa mashine wasifanye kazi wakiwa wameimeza. Kipimo cha mtoto hutegemea umri na uzito wake, hivyo mzazi amuulize mhudumu.

Ngozi isipakwe dawa ya meno, magadi, mafuta ya taa wala maji ya betri. Krimu zenye steroidi zinazouzwa ovyo sokoni hazitibu mabaka haya; zikitumiwa muda mrefu hukondesha ngozi na kuiacha na michirizi.

Andika jina la dawa

Jambo la mwisho halihitaji pesa. Mara nyingi mgonjwa akiulizwa kama kuna dawa inayomdhuru hujibu, "Iko moja, tembe nyeupe, nilipewa zamani." Tembe nyeupe ni maelfu. Mama mjamzito katika maeneo yenye malaria mengi hupewa kliniki tembe za kumkinga, nazo zina salfa ndani yake. Anayeishi na virusi vya ukimwi anaweza kupewa Septrin ya kila siku, nayo ni salfa. Muuguzi hawezi kujua kwamba tembe hizo ziliwahi kumbambua mama huyo ngozi ikiwa hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo kila aliyewahi kudhurika na dawa amwombe mhudumu aliyemtibu amwandikie jina la dawa hiyo, mwaka, na yaliyompata. Aliandike jina hilo kwa wino kwenye jalada la daftari lake la hospitali, mahali panapoonekana kabla ya kurasa kufunguliwa. Kwa mtoto, liandikwe kwenye kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto. Mume, mke au mtoto mkubwa alijue pia, kwa kuwa mtu aliyezimia hawezi kujieleza. Na anaponunua dawa kwa kemisti, ataje jina hilo kabla ya kulipa.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kumsaidia asiyejua kusoma. Awaonyeshe pakiti au karatasi ya dawa, na waandike hapo hapo.

Mtakapofika nyumbani, leteni madaftari ya hospitali ya watu wote wa nyumba, na muulize mmoja mmoja: "Je, kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"